Funika "get" kwa kidole gumba

Barua pepe ilikuwa ya mstari mmoja. Mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, mtu aliyekua akiongea Kiingereza tangu utotoni, aliniandikia kuhusu bomba lililokuwa likivuja chini ya sinki: "I'll get it fixed on Monday." Nikaelewa kuwa Jumatatu atakuja mwenyewe kulitengeneza. Asubuhi nikaondoa ndoo na vyombo vyote chini ya sinki, nikapiga deki, nikakaa kumngoja. Saa nne akabisha hodi kijana nisiyemjua, kabeba mkoba wa spana. Nikamwambia kwa adabu zote, samahani ndugu yangu, leo namsubiri mwenye nyumba aje kutengeneza bomba. Akanitazama kidogo, akaenda zake. Bomba likavuja wiki nzima nyingine.

Na wakati huo kutafsiri ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha.

Kilichoniponza ni hiki. "I'll fix it" ni nitalitengeneza mimi. "I'll get it fixed" ni nitaita fundi alitengeneze, spana sitaigusa. Tofauti yote hiyo imebebwa na kitenzi cha herufi tatu ambacho shuleni tuliambiwa maana yake ni "pata", tukaandika, tukafunga daftari. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefunga daftari mapema kama mimi.

Kwanza fikiria "piga"

Mfundishe mgeni Kiswahili, mwambie kupiga ni kuchapa. Halafu mwache asikie watu wakipiga simu, wakipiga pasi, wakipiga picha, wakipiga mswaki, wakipiga magoti, wakipiga kura, wakipiga chafya. Ataona tuna ugomvi na kila kitu hapa duniani. Sisi wenyewe hatushtuki, kwa sababu hakuna anayeisikiliza "piga" peke yake. Sikio linasubiri neno la pili, na hilo la pili ndilo lenye habari.

"Get" ndiyo "piga" ya Kiingereza. Yenyewe ni nyepesi, mzigo uko kwenye neno linalofuata. Kwa hiyo mbinu yangu, ambayo naitumia mpaka leo nikikwama, ni ya kitoto kabisa: naifunika "get" kwa kidole gumba na kusoma kilichobaki. "He ... angry." Hapa kuna mtu na hasira. "She ... to the station." Mtu na stesheni. "They ... caught." Watu na kukamatwa. Kisha najiuliza: mwanzo haikuwa hivi, sasa ni hivi, sisi badiliko hilo tunalisemaje? Alikasirika. Alifika stesheni. Walikamatwa. Hakuna "pata" hata moja, na hakuna kilichopungua.

Nikiinua kidole, kazi iliyobaki ya "get" ni kuniambia kwamba kuna kuhama, kutoka hali hii kwenda ile. Hapo ndipo inapoachana na "be". "I am tired": nimechoka, basi. "I'm getting tired": naanza kuchoka, lakini kiti bado sijakitafuta.

Jina likifuata

Hapa ndipo "pata" ina haki yake, ingawa hata hapa si peke yake. "I got a letter" ni nilipokea barua. "Where did you get those shoes?" ni viatu hivyo umenunua wapi, au umevitoa wapi, inategemea mnaheshimiana kiasi gani. "Get me a chair" ni niletee kiti. Angalia jinsi kiambishi chetu kidogo, ule mnyambuliko wa kumtendea mtu, kinavyofanya kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa kupanga maneno tu: "get me", niletee, "get her a pen", mtafutie kalamu.

Kuna kundi dogo la mazoea ambalo kidole gumba hakilimalizi, lazima ulijue. Mtu akibisha na mwenzako akasema "I'll get the door", hachukui mlango popote. Anasema nitafungua mimi. Simu ikilia, "I'll get it" ni nitapokea mimi. Bili ikiletwa mezani, "I'll get this" ni nalipa mimi, na ukiwa umechoka na mwezi, usibishane naye sana.

Halafu kuna "get" ya kuelewa. "I get it", naelewa. "I didn't get the joke", utani ule sikuuelewa. Hii inatupa raha, maana sisi nasi husema "unanipata?" na kujibiwa "nimekupata". Lakini angalia mtego: tunaposema "pata picha" tunamwambia mtu avute taswira, ajaribu kufikiria. Mwingereza akikuuliza "do you get the picture?" anakuuliza kama umeshaelewa hali ilivyo, na mara nyingi sauti yake ina ukali kidogo. Niliwahi kuyaacha yakiwa mamoja katika manukuu ya filamu fupi, na mhusika aliyekuwa akitishiwa akaonekana anaalikwa kuota ndoto.

Sifa ikifuata, tazama nani anatembea

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kiingereza husema "I'm getting hungry", "I got sleepy", "we're getting cold", "it's getting dark". Mtu ndiye anayesafiri. Anatoka kwenye shibe anaelekea kwenye njaa, kama mtu anayehama chumba. Sasa yaseme hayo kwa Kiswahili bila kufikiri. Njaa inaanza kuniuma. Usingizi ulinishika. Baridi inatuingia. Giza linaingia. Umeona? Kwetu mtu amekaa pale pale. Ni njaa inayomjia, usingizi unaomshika, giza linaloingia kama mgeni.

Kwa hiyo ukitafsiri "I got sleepy" ukaanza na "nili...", mara nyingi utaishia na sentensi iliyokakamaa: "nilipata usingizi", ambayo nayo ni Kiswahili, ila maana yake ni kwamba nilifanikiwa kulala. Mtu aliyekesha akihangaika ndiye anayesema amepata usingizi. Geuza mwendo. Mpe usingizi kiti cha mbele. Na ukienda upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, fanya kinyume: "njaa imenishika" usianze na "hunger", anza na "I" na uiweke "get" au "be" katikati.

Si hali zote zinazotaka kugeuzwa. Sisi tuna vitenzi ambavyo tayari vina badiliko tumboni mwao: kuchoka, kulewa, kuzeeka, kukasirika, kulowa, kupona, kutajirika. Kiingereza mara nyingi hutumia maneno mawili kwa kila kimoja: "get tired", "get drunk", "get old", "get angry", "get wet", "get well", "get rich". Wanafunzi wanaonijia huwa wananiuliza kwa nini Waingereza hawana neno moja la kuzeeka. Wanalo, "age", lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi husema "get old". Ndivyo walivyozoea.

Kuna mawili tu ambayo "pata" inayaweza vizuri hapa: "get better" ni kupata nafuu, na "get worse" ni kuzidiwa, ambayo haina "pata". Samahani, basi ni moja.

Mahali pakifuata

Hii ni nyepesi. "Get to" na mahali ni kufika. "How do I get there?" Nitafikaje huko? Kumbuka tu kwamba "home", "here" na "there" hazitaki "to". "I got home at nine", siyo "I got to home".

Vyombo vya usafiri vina kanuni yao, na sikufundishwa na mtu, niliigundua kwa kusahihishwa. Chombo unachoweza kusimama ndani yake na kutembea, kama basi, treni, ndege au meli, unakipanda kwa "get on" na kukishuka kwa "get off". Chombo unachojikunja na kuketi moja kwa moja, kama gari dogo au teksi, ni "get in" na "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi, kwa kuwa unakaa juu, vinarudi kwenye "on" na "off". Kiswahili kinasema kupanda na kushuka kwa vyote, kwa hiyo huu mpaka lazima uubebe kichwani.

Kitendo kilichokwisha kikifuata

"He got fired", alifukuzwa kazi. "She got paid", alilipwa. "We got lost", tulipotea. Kidole gumba kinatosha: Kiswahili kina "-wa" na "-ika", mara nyingi vinamaliza.

Swali ni kwa nini aseme "got" wakati angeweza kusema "was". Chukua dirisha. "The window was broken" ina maana mbili, na hakuna njia ya kujua bila kusoma jirani zake: ama ulipofika ulikuta dirisha limevunjika, ama kuna mtu alilivunja wakati huo. "The window got broken" ina maana moja: lilivunjika, tukio lilitokea, kulikuwa na kishindo. Sisi mambo haya tumeyagawa kwenye mkia wa kitenzi: lilivunjwa, mtu yupo, lilivunjika, mtu hatajwi, lilikuwa limevunjika, tumelikuta hivyo. Nikikutana na "got" ya namna hii naanza na "-ika" kwanza, kisha nasoma kuona kama kuna mtu nyuma yake. Mara nyingi "got" inatumika pale jambo lilipomkuta mtu ghafla, au lilipomuumiza, na hapo "kupatwa" au "kukumbwa" huweza kuingia vizuri.

Kuoa kuna kichekesho chake. "They got married" ni walioana, "he got married" ni alioa, "she got married" ni aliolewa. Kiingereza hakijali nani kamfanya nani. Kiswahili kinakulazimisha uulize. Niliwahi kutafsiri hadithi ambamo rafiki wa msimulizi alikuwa na jina la kike na la kiume pia, na mwandishi hakutumia "he" wala "she" mpaka sura ya tatu. Sura ya kwanza ilikuwa na "Sam got married". Nilisoma mpaka sura ya tatu kabla ya kuandika neno moja.

Mtu wa kati

Sasa turudi kwenye bomba. Kuna mipango miwili inayofanana na kuchanganya, na hii ndiyo inayogharimu fedha kwenye mikataba.

Wa kwanza ni kitu kikiwa katikati: "get the pipe fixed", "get my hair cut", "get the papers signed". Anayesema si mtendaji, ni mwenye kuhakikisha. "I got my hair cut" ni nilinyolewa, au nilikwenda kunyoa. "I cut my hair" ni nilishika mkasi mwenyewe mbele ya kioo. Kwa mpango huu Kiswahili kinaweza kutumia mnyambuliko wa kusababisha, kama katika kushonesha nguo, au kumtaja fundi waziwazi. Mimi kwenye mikataba humtaja, kwa sababu msomaji asije akakaa na ndoo akimngoja mtu asiyekuja.

Wa pili ni mtu akiwa katikati, na "to": "I got my brother to pay." Funika kidole: "my brother to pay". Kaka yangu, kulipa. Maana yake: nilimbembeleza kaka yangu mpaka akalipa. Nimeona mtu akiandika "nilimpata kaka yangu ili nilipe", ambayo inamgeuza kaka kuwa sarafu. Ndani ya "get" hii kuna jasho. Kuna kubembeleza, kuzungusha maneno, pengine hila kidogo. "I made him pay" ni nilimlazimisha, na haina "to". "I let him pay" ni nilimwacha alipe, nayo haina "to". "I got him to pay", nilimshawishi, na "to" ipo. Ukiisahau "to" hiyo, mzungumzaji wa Kiingereza atakuelewa, lakini atajua hujaizoea sana lugha yake.

"Have got", "gotten" na "get to"

"I've got a ticket" mara nyingi haimaanishi nimepata tiketi. Maana yake nina tiketi, ipo mfukoni. Sura ni ya wakati uliopita, maana ni ya sasa, usiitafute mantiki. "I've got to go" vilevile ni lazima niondoke. Katika kuongea haraka hubanwa ikawa "gotta".

Wamarekani wana "gotten" na wanaitumia kutenganisha mambo. "I've got a ticket", ninayo. "I've gotten a ticket", nimeipata. "I've got to see her", lazima nimwone. "I've gotten to see her", nimejaliwa kumwona. Uingereza wengi husema "got" kwa yote na kuacha msikilizaji apambane. Wengine hudhani "gotten" ni uharibifu wa Kimarekani. Sivyo: ni neno la zamani lililovuka bahari na wahamiaji, likadumu Marekani, huku Uingereza likififia na kubaki zaidi katika maneno kama "ill-gotten", mali ya haramu.

Sasa sikiliza "get to" na kitenzi. "I have to work with children" ni nalazimika. "I get to work with children" ni nina bahati ya kufanya kazi na watoto. Kazi ni ile ile, moyo ni tofauti. Kwa hili Kiswahili kina jibu la zamani lililo zuri mno ambalo wengi wameacha kulitumia: kupata kufanya. "Nilipata kumwona." "Sijapata kusikia jambo kama hilo." Hapa "pata" na "get" wanapeana mikono kabisa.

"Get" yenyewe si mzaliwa wa kwanza wa Kiingereza. Ililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kisha kuhamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9; kwao ilikuwa "geta". Kwenye Kiaislandi cha leo "geta" bado ipo, na maana yake kubwa ni kuweza. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, lakini ndani ya maneno marefu tu, na mmoja wao unamtumia kila siku: yuko kwenye mkia wa "forget".

Vijineno vya nyuma

Kuhusu "get up", "get over", "get by" na ukoo wote huo, sitakupa orodha, nilishawahi kukariri orodha ya sitini na kubaki na tano. Jifunze zile unazokutana nazo. Nitasema tatu ninazozipenda. "Get by" ni kusukuma siku, maisha yanakwenda kwa kujikongoja. Ukiulizwa habari za kazi ukajibu "I'm getting by", hujalalamika na hujajisifu. "Get away with" ni kutenda kosa na kusalimika, na inabeba kinyongo cha anayesema. "Get along" ni kupatana. Itazame hiyo ya mwisho: "pata" ikiongezwa "-na" ya kutendana ikawa kusikilizana. Lugha mbili zilipita njia tofauti, zikakutana mlango mmoja.

Mizigo tunayowabebesha Waingereza

Kosa hutokea pia kwa upande wetu. Tunasema kupata ajali, kupata mtoto, kupata hasara, kisha tunaandika "I got an accident", "I got a baby", "I got a loss". Kwao ni "I had an accident", "I had a baby", "I made a loss". "I got a baby" inasikika kana kwamba umeletewa kifurushi. "Nilipata shida" ni "I had trouble". Ukisema "I've got a problem" unasema shida iko sasa hivi, na mtu ataacha anachofanya akusikilize.

Na walimu wanaokataza "get" kwenye insha wana sababu yao, ila wanazidisha. Kwenye barua rasmi, "receive", "obtain", "become" na "arrive" zinakaa vizuri zaidi. Katika kuongea, mtu asemaye "I obtained a taxi" anachekesha.

Jipime. Funika kwa kidole, andika yako, kisha teremka uone yangu:

"I got up late, got dressed, got to the station and got on the wrong train. I got a text from my sister: 'Get off now!' I didn't get it until we got to the next town."

Yangu: Niliamka nimechelewa, nikavaa, nikafika stesheni, nikapanda treni siyo. Nikaletewa ujumbe na dada yangu: "Shuka sasa hivi!" Sikuelewa mpaka tulipofika mji wa pili.

"Get" nane. Kama uliandika "nikapata ujumbe", sina ugomvi nawe, hiyo moja nakupa. Kama uliandika "sikuupata mpaka tulipofika", soma tena: ujumbe ulifika mapema, aliyechelewa ni abiria.